Hofu ya Kupitwa: Kabla Hujatuma Pesa, Lala Kwanza

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta. Mapema asubuhi ndizi zinatoka Mboghoni kwa pikipiki, kwa mkokoteni na kwa pikapu. Wanunuzi wanafika, bei inavutwa huku na kule, na ikifika mchana simu za wakulima zinaanza kulia na ile SMS ambayo hakuna mtu huichukia: umepokea pesa.

Leo hatuzungumzii bei ya ndizi. Tunazungumzia zile saa chache baada ya SMS hiyo kuingia, wakati pesa bado iko moto kwenye simu na kila mtu ana wazo la mahali inapofaa kwenda. Hapo ndipo hofu moja inapofanya kazi yake. Vijana wanaiita FOMO. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni hofu ya kupitwa: ile hali ya kuhisi wenzako wanakula na wewe umebaki kuangalia.

Chukua mfano wa mama mmoja mkulima. Ni wa kubuni, ila ukimtafuta kijijini kwako hutamkosa. Jumamosi ameuza ndizi na kupokea shilingi 9,000. Mgawo wake anao kichwani: 4,000 ni salio la karo, 2,000 ni ya vibarua na samadi, 1,500 ni ya chama, na 1,500 ni ya matumizi ya nyumbani. Saa tatu usiku binamu yake aliye Mombasa anaweka ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: "Nimeweka elfu 3, siku 5 nimetoa elfu 7. Wale wako tayari wanicheki inbox, nafasi zinafungwa leo saa sita usiku." Chini yake kuna skrinshoti. Chini ya skrinshoti, shangazi ameshaandika, "Mimi niko ndani."

Mama huyu si mjinga, wala si mlafi. Anachoona ni kwamba watu anaowaamini wanaingia mlango ambao utafungwa baada ya saa tatu, na yeye ana pesa mkononi. Anajiambia karo inaweza kungoja wiki moja. Hebu tusimame hapo hapo, kabla hajaweka PIN.

Hofu hii ni ya kawaida

Jina FOMO lilianza kuandikwa mwaka 2004, na Patrick McGinnis, mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alikuwa akiwatania wenzake waliotaka kuhudhuria kila sherehe kwa sababu waliogopa kukosa ile moja iliyo tamu zaidi. Mwaka 2013 mtafiti Andrew Przybylski na wenzake walichapisha utafiti uliojaribu kuipima hofu hii. Waliona inawasumbua zaidi vijana, na pia watu ambao hawaridhiki na uhusiano wao na wengine au na nafasi waliyonayo ya kujiamulia mambo yao.

Hilo la mwisho tulishike. Hofu ya kupitwa haimjii tu mtu anayependa pesa. Inamjia pia mtu anayeona amebaki nyuma: rafiki amejenga, jirani amenunua pikipiki, mwenzako mliyesoma naye darasa moja yuko Qatar. Ndiyo maana kumwambia mtu "acha tamaa" hakumsaidii sana. Anayekuuzia mpango wa haraka analijua jambo hili vizuri. Anapokuambia utapata pesa, pia anakuahidi kwamba hutakuwa wa mwisho.

Kenya tumeshapitia haya

Kumbuka kware. Mwaka 2013 na kuingia 2014 nchi nzima ilikuwa inaongea mayai ya kware. Ilisemekana yanatibu karibu kila kitu. Watu walifuata leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana kware ni ndege wa porini kisheria, wakajenga vibanda na kununua vifaranga kwa bei ya juu. Waliopata faida nono ni wale wa mwanzo, na pesa yao haikutoka sana kwa walaji wa mayai. Ilitoka kwa wafugaji wapya waliokuja kununua mayai ya kuangulisha na vifaranga. Wafugaji wapya walipoisha, wanunuzi wakaisha. Bei ikaporomoka, na watu wengi wakabaki na ndege ambao hata mchuzi wao haukuzoeleka nyumbani.

Rudi nyuma kidogo, hadi 2006 na 2007. Miradi ya piramidi, DECI ikiwa maarufu kuliko yote, ilipita makanisani na vijijini ikiahidi kuzidisha pesa ya mtu ndani ya muda mfupi. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali baadaye kilieleza kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika miradi ya aina hiyo.

Karibu zaidi na sisi ni Worldcoin. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, pamoja na pale KICC, wapigwe picha ya mboni ya jicho na kupewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za macho zilizokusanywa zifutwe. Ukiwauliza waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa wanasajili nini hasa, wengi hawangeweza kukueleza. Foleni ndefu ilitosha kuwa sababu ya kupanga foleni.

Hata kitu kizuri kinaweza kukuumiza

Usidhani hofu hii inatupeleka kwa matapeli tu. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Hiyo ilikuwa kampuni halali, mauzo halali, soko halali. Wakenya walijitokeza kwa wingi kuliko hisa zilizokuwepo, na wengine walikopa benki ili wasipitwe. Kwa kuwa maombi yalizidi, watu walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni, zikapanda mwanzoni, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya shilingi 5.

Aliyenunua kwa pesa yake ya ziada alikuwa na uwezo wa kungoja. Miaka ilipita, na mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ikavuka shilingi 40. Aliyenunua kwa mkopo hakuwa na miaka ya kungoja. Riba ilikuwa inahesabu, akauza kwa hasara alipe benki. Hisa ni ile ile na bei ya kuanzia ni ile ile, lakini watu wawili walitoka na hadithi tofauti kabisa.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kitu ni cha kweli. Uliza pia: pesa ninayoweka ni ya nani, na ina kazi gani nyingine? Wakulima wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Jirani akiuza vitunguu au nyanya kwa bei nzuri msimu huu, msimu ujao kila mtu anapanda nyanya, zote zinaiva wiki moja, na bei inalala. Nyanya ni halali, ila haraka ya kila mtu ndiyo inaharibu bei.

Hesabu ya kaunti nzima

Sasa turudi kwa ujumbe wa binamu. Tuseme mpango wake unataka kila anayeingia alete watu watano. Hesabu ni hii:

Raundi ya 1: watu 5
Raundi ya 2: watu 25
Raundi ya 3: watu 125
Raundi ya 4: watu 625
Raundi ya 5: watu 3,125
Raundi ya 6: watu 15,625
Raundi ya 7: watu 78,125
Raundi ya 8: watu 390,625

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti nzima ya Taita Taveta, kuanzia wazee hadi watoto wachanga. Yaani raundi ya nane peke yake inahitaji watu wengi kuliko wote walio Voi, Wundanyi, Mwatate, Taveta na vijiji vyote vya katikati. Mpango wa namna hii lazima ukwame hata kama kila aliyeingia ni mwaminifu. Na ukikwama, walio raundi ya mwisho ndio wengi kuliko wote waliotangulia ukiwajumlisha pamoja. Kwa maneno mengine, watu wengi katika piramidi yoyote ni wale wasiolipwa.

Hii pia inaeleza ile skrinshoti. Inawezekana kabisa binamu alilipwa. Wa kwanza hulipwa, tena kwa haraka, kwa sababu wao ndio tangazo. Malipo yake yanathibitisha tu kwamba pesa ya mtu mwingine ilimfikia. Shangazi naye ameingia kwa sababu binamu aliingia. Ukifuata mnyororo hadi mwisho, unaweza kukosa hata mtu mmoja aliyeuliza faida inatoka wapi.

Haraka hutengenezwa

Sisi tunafanya kazi ya matangazo, kwa hiyo wacha tukueleze jinsi haraka inavyopikwa. Viungo vyake ni vichache.

Cha kwanza ni saa. "Mwisho leo saa sita usiku." Saa inakunyima usiku wa kulala na asubuhi ya kumuuliza mtu.

Cha pili ni uchache. "Zimebaki nafasi 10." Hakuna anayeweza kuzihesabu nafasi hizo isipokuwa anayezitangaza.

Cha tatu ni mashahidi. Picha za pesa, sauti za watu wakishukuru, na jina la mtu unayemjua. Kikundi kinaonyesha waliofurahi. Waliolia wameondolewa kikundini au wamenyamaza kwa aibu.

Cha nne ni kupotea. Vitu vingi mtandaoni vimetengenezwa vipotee, kama zile picha za WhatsApp zinazodumu saa 24. Kinachopotea tunakiangalia kwa pupa zaidi.

Ofa halali pia hutumia saa na tarehe za mwisho, zetu zikiwemo. Tofauti ni kwamba ofa halali ya bando ikikupita leo, nyingine inakuja, na maisha yako hayajabadilika. Kama kitu kikikupita leo hakitarudi tena milele na hakuna muda wa kuuliza swali, hiyo yenyewe ni alama ya hatari.

Kupitwa kwa sherehe na safari

Si pesa za miradi pekee. Hofu hii inakula pole pole pia kupitia mambo mazuri: harusi, sare za kitambaa kimoja, safari ya kikundi kwenda Mombasa Desemba, keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hamjaonana miaka miwili. Kisha kuna michango, na orodha inayowekwa kikundini kila jioni ikiwa na majina na kiasi. Jina lako halipo. Unaona kama kila mtu ameligundua.

Kuchangiana ni mila nzuri, na siku yako ikifika utashukuru. Lakini mchango unaotolewa ili jina lisikose kwenye orodha mara nyingi hutoka mahali pasipofaa. Njia moja inayosaidia ni kutenga kiasi cha michango kila mwezi, hata kama ni 500. Kikiisha, kimeisha. Unaweza kumpigia mwenye shughuli na kumwambia, "Mwezi huu mkono wangu ni mfupi, lakini nitakuja kuosha vyombo." Vijijini kwetu aliyekuja kuosha vyombo anakumbukwa kuliko aliyetuma mia tano kutoka mbali.

Na hizo picha za wengine, kumbuka hakuna anayeweka picha ya SMS ya deni. Unachoona ni siku ya sherehe. Siku 29 zilizobaki za mwezi hazipigwi picha.

Hofu ikikutana na mkopo wa simu

Zamani mtu akitaka kukimbilia mpango, ilibidi kwanza atafute pesa: auze mbuzi, aende kwa ndugu, apande matatu hadi benki. Njiani akili ilirudi. Leo mkopo uko kwenye simu ile ile yenye ujumbe wa binamu, na kutoka kuona hadi kutuma ni chini ya dakika mbili. Urahisi huu tunaufurahia mtoto akiwa mgonjwa saa saba usiku. Urahisi huo huo ukikutana na hofu ya kupitwa, unapoteza ile safari ya njiani iliyokuwa inatuokoa.

Ndiyo maana tunashauri kanuni moja isiyo na kona: usikope ili usipitwe. Kopa kwa dharura, au kwa kitu ambacho unajua kitaleta pesa ya kulipa, na lini. Mkopo wa kubeti, wa kuingia mpango au wa kununua sare unabaki na wewe hata baada ya sherehe kwisha, na ukichelewa jina lako linaweza kufika kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo. Hapo unaweza kupitwa na kitu cha maana, kama mkopo wa pampu ya maji ulioutaka mwaka mzima.

Mambo saba ya kufanya kuanzia leo

1. Gawa pesa siku inapoingia. Lipa karo, weka ya chama, hamisha akiba kabla ya kufungua WhatsApp. Shilingi ambayo imeshapata kazi haishawishiki kirahisi.

2. Tumia akiba ya kufunga. Ukiweka pesa mahali ambapo kuitoa kunahitaji muda, umejirudishia ile safari ya njiani.

3. Lala kwanza. Kwa kiasi chochote ambacho ukikipoteza utaumia, hakuna kutuma siku hiyo hiyo. Kama mpango hauwezi kungoja hadi asubuhi, mwache aende nao mwenyewe.

4. Uliza maswali matatu. Faida inatoka wapi hasa? Nikitaka pesa yangu kesho naipataje? Nani anawasimamia? Jibu likiwa "wewe ingia tu utaona", umeshaona.

5. Hakikisha leseni mwenyewe. Benki Kuu ya Kenya inachapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walioidhinishwa, chini ya kanuni zilizoanza 2022. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina orodha ya kampuni za uwekezaji. Sacco zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA. Tafuta jina kwenye orodha zao, usibonyeze linki uliyotumiwa na anayekuuzia.

6. Nyamazisha, si lazima utoke. Vikundi vya familia na chama vina kazi yake. Zima mlio wake siku ya soko, uvisome asubuhi ukiwa na chai.

7. Pitia taarifa ya akaunti yako mwisho wa mwezi. Weka alama kwa kila pesa uliyotuma kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine. Jumla yake itakufundisha kuliko makala yetu.

Na lile la kila siku: PIN ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuomba PIN, hata kama anasema ofa yako inaisha baada ya dakika tano.

Kama umeshatuma

Kama umesoma hadi hapa huku moyo unakudunda kwa sababu ulituma jana, usikae kimya. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, maana dakika za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kusaidia. Hifadhi SMS na namba zote. Ripoti kituo cha polisi. Na usiongeze pesa nyingine eti "ya kufungulia" ile ya kwanza: huo ni mtego wa pili wa mtu yule yule.

Kisha waambie wenzako. Aibu ndiyo inayofanya mipango hii iishi muda mrefu. Ujumbe mmoja kwenye kikundi unaosema "mimi nilituma na sikurudishiwa" unaweza kuokoa karo ya nyumba tano.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa yule mama ni ile 9,000 yenye mgawo wake: mtoto akae darasani Jumatatu, shamba lipate samadi, chama kimkute na mchango wake. Akiiacha simu hadi asubuhi, binamu atakuwa amemwambia nafasi zimefungwa. Baada ya siku mbili tatu, utaona, zitakuwa zimefunguliwa tena.

Msomee makala hii mtu mmoja wa chama chako kabla ya siku ya soko ijayo.